Antal Kovács: kilo 95, kisha kilo 100

Ukiangalia orodha ya medali za Hungaria katika Olimpiki ya Barcelona 1992, jina la Antal Kovács ni rahisi kulipita. Wahungaria walirudi nyumbani na dhahabu 11, fedha 12 na shaba 7. Krisztina Egerszegi peke yake alichukua dhahabu tatu majini, Tamás Darnyi akachukua mbili. Kijana wa miaka 20 aliyetokea mji wa kinu cha nyuklia, akashinda judo katika uzito wa kilo 95, alikuwa habari njema katikati ya lundo la habari njema. Lakini hadi Olimpiki ya Paris 2024, bado ndiye Mhungaria pekee mwenye dhahabu ya Olimpiki katika judo.

Akisimuliwa, husimuliwa hivi: alipata mapema, kisha akashuka. Dhahabu mwaka 1992, ubingwa wa dunia mwaka 1993, halafu Olimpiki tatu bila medali. Namba hizo ni sahihi. Kinachonikera ni hilo neno "akashuka". Anayelitumia hajaangalia nani walikuwa kwenye uzito huo, siku moja ya mashindano ilikuwa inaendaje, na sheria zilibadilika mara ngapi chini ya miguu yake kati ya Barcelona na Athens.

Kovács alizaliwa tarehe 28 Mei 1972 huko Nagydorog, mkoa wa Tolna. Jirani yake ni Paks, mji ulio ukingoni mwa mto Danube wenye kituo pekee cha umeme wa nyuklia nchini Hungaria: mitambo minne, wa kwanza uliwashwa mwaka 1982 na wa nne mwaka 1987. Klabu ya kituo hicho, Atomerőmű SE, ndiyo iliyomlea, na kocha wake alikuwa László Hangyási. Kwa michezo ya Ulaya Mashariki hilo halikuwa jambo la ajabu, kwani viwanda vilikuwa na klabu zao kama vilivyokuwa na zahanati na bweni. Tofauti ilikuja baada ya mwaka 1989, viwanda vilipoanza kufunga milango na klabu kubaki bila mfadhili. Kituo cha umeme hakikufungwa. Mchezaji wa Paks aliamka mwaka 1991 akakuta mkeka bado upo na kocha bado yupo.

Mji mdogo una tatizo lake, hasa kwa mtu mzito. Judoka, yaani mchezaji wa judo, wa kilo 95 hawezi kukua bila watu wa kufanya nao randori, yaani mapambano ya mazoezini, wenye kilo 90 hadi 120. Akibaki na wenzake wepesi, anajifunza kuvuta kwa nguvu za mikono na kumnyanyua mtu bila kwanza kumyumbisha. Zoezini inafanya kazi, tena inapendeza. Siku ya mashindano anamvuta mwenye kilo zake, mtu hasogei, na yeye ndiye anayebaki ameinama. Akibaki na wazito watupu nako kuna hasara: anazoea kujihami, mgongo unapinda, miguu inarudi nyuma, anasahau kushambulia. Dawa ni kambi za timu ya taifa na safari za nje, ambako mchezaji wa uzito huu hubadilisha wapinzani kila dakika tano, raundi sita hadi nane mfululizo, mkono wa kulia na wa kushoto. Kijana wa miaka 20 anayeshinda Olimpiki katika uzito kama huu si bahati nasibu, maana kwa kawaida wanaume wa kundi hilo huiva baadaye sana kuliko wale wa kilo 60.

Sasa twende kwenye ile siku yenyewe.

Judo ya Barcelona ilifanyika Palau Blaugrana, na ratiba ilianza na wazito ikashuka hadi wepesi. Tarehe 27 Julai walicheza waliozidi kilo 95, tarehe 28 wakaingia wa kilo 95. Siku hiyo Kovács alikuwa na miaka 20 na miezi miwili kamili. Kila kitu, kuanzia raundi ya kwanza hadi fainali, kilikwisha siku hiyohiyo. Hakukuwa na kulala na kuamka kupanga upya. Na mzani ulikuwa asubuhi ileile ya mashindano, si jioni ya siku iliyotangulia kama ilivyo leo.

Watu wanaopunguza uzito kwa ajili ya mzani wanajua maana yake. Ukiwa na kilo 98 wiki moja kabla, unaweza kushuka hadi 95 kwa kupunguza chumvi, wanga na mwishoni maji. Mwili unakubali. Ila maji uliyoyatoa hayarudi kwa kunywa chupa mbili haraka. Kwa kila kilo moja uliyotoa jasho unahitaji lita moja na robo hadi lita moja na nusu, pamoja na chumvi kidogo, tena kwa kunywa taratibu, maana tumbo haliwezi kupitisha zaidi ya lita moja hivi kwa saa. Aliyetoa kilo tatu anadaiwa lita nne. Kama pambano la kwanza linaanza saa mbili au tatu baada ya mzani, hesabu haifungi. Dalili ya kwanza haionekani kwenye pumzi bali kwenye viganja: mkono unafunga kwenye koti vizuri dakika ya kwanza, dakika ya tatu vidole vinafunguka vyenyewe. Ndiyo sababu enzi zile makocha makini walipenda mchezaji anayeishi kilo moja au mbili tu juu ya uzito wake. Anayekuja na deni la kilo tano huwa ameshapigana na mzani kabla hajamwona mpinzani.

Vidole vyenyewe ni habari nyingine. Katika uzito huu ndivyo vinavyokwenda kwanza, kwa sababu kila anayejinasua kutoka mkononi mwako anavipinda viungo vya kati. Plasta inafungwa juu na chini ya kiungo, kiungo chenyewe kikiachwa wazi kipinde. Ukifunga juu ya kiungo, huwezi kukunja ngumi. Ukikaza sana, damu haipiti na kidole kinakufa ganzi katikati ya pambano. Waliozoea hufunga vidole wakiwa wamevikunja nusu, kamwe si vikiwa vimenyooka.

Pambano la wanaume lilikuwa dakika tano, na alama zilikuwa nne, kutoka ndogo hadi kubwa: koka, yuko, waza-ari na ippon. Ippon ilimaliza kazi papo hapo. Waza-ari mbili zilihesabiwa ippon. Lakini yuko hata ziwe saba hazikufika waza-ari moja, na koka hata kumi hazikuishinda yuko moja. Mtazamaji mgeni hili humchanganya: mtu anaongoza kwa kila kitu ubaoni, kisha anarushwa mara moja nusu-ubavu, anapoteza. Kumbana mtu chini kulihitaji sekunde 30 kupata ippon. 25 zilitoa waza-ari, 20 yuko, 10 koka. Adhabu nazo zilipanda ngazi: shido ilimpa mpinzani thamani ya koka, chui yuko, keikoku waza-ari, na hansoku-make ilikutoa nje kabisa. Ukingoni mwa eneo la kupigania kulikuwa na ukanda mwekundu wa mita moja. Ukisimama humo zaidi ya sekunde tano hivi bila kushambulia, adhabu.

Wote wawili walivaa nyeupe. Mmoja alifunga utepe mwekundu kiunoni juu ya mkanda wake, mwingine mweupe, na refa ndiye aliyehangaika kujua mguu huu ni wa nani wakati miili miwili ya kilo 95 inaanguka pamoja. Na kama dakika tano ziliisha sare, hapakuwa na muda wa nyongeza. Refa wa kati na waamuzi wawili wa pembeni waliokuwa wameketi kwenye kona walinyanyua bendera, nyekundu au nyeupe, na wingi wa bendera ukaamua.

Katika mazingira hayo Kovács alipita raundi zote na fainali akamshinda Raymond Stevens wa Uingereza, mtu wa klabu ya Budokwai ya London. Shaba zilikwenda kwa Theo Meijer wa Uholanzi na Dmitri Sergeyev wa timu ya pamoja ya zilizokuwa jamhuri za Kisovieti. Nafasi ya tano alimaliza Mpolandi mmoja aitwaye Paweł Nastula. Likumbuke jina hilo.

Kabla ya siku hiyo Hungaria haikuwa na zaidi ya shaba katika judo ya Olimpiki. József Tuncsik alipata yake Montreal mwaka 1976 katika kilo 63. Moscow mwaka 1980 wakapata Tibor Kincses katika kilo 60 na András Ozsvár katika uzito huria. Mwaka 1984 Hungaria ilisusia Los Angeles pamoja na nchi nyingi za kambi ya Mashariki, kizazi kizima kikapoteza zamu yake. Seoul 1988 walirudi mikono mitupu. Halafu ndani ya siku tano za Barcelona, wanaume watatu wakafika fainali.

Fainali mbili zilizofuata zinaonyesha jinsi ukuta kati ya dhahabu na fedha ulivyokuwa mwembamba. Tarehe 31 Julai, Bertalan Hajtós alikutana na Toshihiko Koga katika fainali ya kilo 71. Koga alikuwa ameumia goti la kushoto siku chache kabla, akifanya mazoezi na mwenzake Hidehiko Yoshida, na aliingia mkekani kwa sindano za kutuliza maumivu. Dakika tano zikaisha bila mshindi ubaoni. Bendera tatu zote zikanyanyuliwa kwa Koga. Siku iliyofuata József Csák alipoteza fainali ya kilo 65 kwa Rogério Sampaio wa Brazili. Wahungaria watatu fainalini, dhahabu moja. Ukisema Kovács alikuwa na bahati, basi useme pia Hajtós alipungukiwa nini, maana kwa kanuni za leo pambano kama lile lingeendelea mpaka mmoja apate alama au atolewe kwa adhabu, na mwenye goti bovu angekuwa na mzigo mzito wa kubeba.

Aliyedhani Barcelona ilikuwa bahati alipata jibu baada ya mwaka mmoja. Mashindano ya dunia ya 1993 yalikuwa Hamilton, Kanada. Wakati huo mashindano ya dunia yalifanyika kila baada ya miaka miwili, na kila nchi ilileta mtu mmoja tu kwa kila uzito. Fainali ya kilo 95 ilimkutanisha Kovács na Aurélio Miguel wa Brazili, bingwa wa Olimpiki ya Seoul 1988. Bingwa wa 1988 dhidi ya bingwa wa 1992, na Kovács akashinda. Kwangu hii ndiyo siku kubwa zaidi katika kazi yake, kuliko hata ile ya Olimpiki. Barcelona alikuwa kijana ambaye hakuna aliyekaa na kanda zake za video kumchambua. Hamilton kila mtu alijua anashika wapi, anaingia upande gani, na anachoka dakika ya ngapi. Kumpiga mtu aliyejiandaa kwa ajili yako ni kazi tofauti kabisa.

Baada ya hapo ndipo Nastula alipokomaa.

Mwaka 1991, katika mashindano ya dunia yaliyofanyika hapohapo Barcelona, Mfaransa Stéphane Traineau ndiye aliyetwaa kilo 95, na Nastula akawa wa pili. Kuanzia 1994 Nastula alikuwa bingwa wa Ulaya mara tatu mfululizo, bingwa wa dunia mwaka 1995 Chiba na mwaka 1997 Paris, na bingwa wa Olimpiki mwaka 1996. Rekodi inayotajwa ni mapambano 312 bila kupoteza, hadi mwaka 1998. Hata ukiipunguza nusu, bado inaogofya. Kwa Kovács hii haikuwa habari ya kusoma gazetini. Ulaya ndiko alikokuwa akicheza karibu kila mwezi, na mtu huyo alikuwa Ulaya ileile, uzito uleule.

Tarehe 21 Julai 1996 Atlanta, jukwaa la kilo 95 lilikuwa hivi: Nastula dhahabu, Kim Min-soo wa Korea Kusini fedha, Traineau na Aurélio Miguel shaba. Tazama majina hayo kwa makini. Bingwa wa Olimpiki 1988, bingwa wa dunia 1991 na bingwa wa dunia 1995 wote wako jukwaani, na bingwa wa Olimpiki 1992 na wa dunia 1993 yuko nje. Nafasi zilikuwa nne, na Kim akachukua moja. Mtu mmoja miongoni mwa mabingwa ilibidi akose, na siku hiyo alikuwa Kovács. Mfumo wa repeshaji, ule unaomrudisha mshindwa kupigania shaba, unaonekana wa huruma lakini una masharti: unarudi kama aliyekushinda anasonga mbele hadi hatua fulani. Ukipigwa na mtu ambaye naye anapigwa raundi inayofuata, umekwisha, safari ya miaka minne imeishia saa nne asubuhi.

Kisha mzani wenyewe ukahama. Baada ya mashindano ya dunia ya Paris 1997, shirikisho la dunia lilipanga upya makundi ya uzito. Kwa wanaume kilo 60 zilibaki. 65 zikawa 66, 71 zikawa 73, 78 zikawa 81, 86 zikawa 90, na 95 zikawa 100. Ukitazama karatasi, kundi la Kovács limeongezewa kilo tano tu. Mkekani ni jambo kubwa kuliko hivyo.

Aliyekuwa na kilo 99 siku za kawaida na akizoea kujikausha hadi 95, sasa anakula kifungua kinywa na kwenda kupima. Ameamka na nguvu ambazo zamani aliziacha kwenye nguo za jasho. Aliyekuwa na kilo 103 na kucheza na majitu ya kilo 130, sasa anaona mlango mpya: apunguze tatu, aje kuwa mkubwa katika kundi la 100. Kwa hiyo anayetoka 95 halisi anapata wapinzani wapya kutoka juu, na walewale wa zamani wakiwa wamenenepa. Hana budi kujaza mwili. Kwa mchezaji aliyekwisha kuiva, kilo moja au mbili za misuli kwa mwaka ni kazi nzuri. Zaidi ya hapo mara nyingi anabeba mafuta. Anayekimbilia kilo tano kwa msimu mmoja huona matokeo mahali asipotarajia. Magoti yanauma kwenye mitupo ya kuzunguka, na hatua ya kuingia chini ya mpinzani inachelewa kidogo. Kipimo rahisi wanachotumia makocha ni kujivuta kwenye bomba huku umeshika koti la judo lililoning'inizwa. Kama kilo zimeongezeka na idadi imebaki ileile, uzito ni wa maana. Idadi ikishuka kutoka 12 hadi 8, umenunua mzigo.

Wakati huohuo mambo mengine yalikuwa yakisogea. Kubana chini kulipunguzwa kutoka sekunde 30 hadi 25. Koti la buluu likaingia, na Sydney 2000 ikawa Olimpiki ya kwanza yenye mmoja mweupe na mmoja wa buluu. Waliolia kwamba mila imechafuliwa walikuwa wengi Japani. Waliofurahi ni marefa na kamera za televisheni. Mimi niko upande wa marefa.

Sydney kundi la kilo 100 lilikuwa na mwenyewe. Kosei Inoue alishinda mapambano yake yote ya tarehe 21 Septemba kwa ippon, akimaliza na Nicolas Gill wa Kanada fainalini kwa mtupo uitwao uchi-mata, kisha akapanda jukwaani na picha ya marehemu mama yake. Traineau alipata shaba tena, miaka tisa baada ya ubingwa wake wa dunia. Shaba nyingine ilikwenda kwa Iouri Stepkine wa Urusi. Kovács, mwenye miaka 28, hakupata medali.

Inafaa kusimama kidogo kwenye uchi-mata, kwa sababu ndiyo iliyotawala uzito huu miaka hiyo, na bila kuielewa huwezi kujua wengine walikuwa wakikabili nini. Mshambuliaji anashika kola kwa mkono mmoja na mkono wa koti kwa mwingine. Kwanza anamlazimisha mpinzani ahamie kwenye vidole vya mbele, kwa kumnyanyua kwenye kola huku akiufungua mkono wa koti kwenda pembeni, kama mtu anayetazama saa yake. Hapo ndipo mguu mmoja unaingia katikati ya miguu ya mpinzani, kiuno kinageuka, na mguu wa pili unafagia juu ndani ya paja. Mpangilio ndio huo: mikono, kichwa kugeuka, mguu mwisho. Wengi hurusha mguu kwanza kwa sababu ndio unaoonekana kwenye video. Matokeo yake wanasimama kwa mguu mmoja mbele ya mtu mzima aliyesimama kwa miwili.

Wa Ulaya Mashariki walikuwa na majibu. La kwanza ni la mikono: usimwachie mkono wa koti. Ukidhibiti mkono unaofungua, uchi-mata inakuja lakini inakuja bapa, haina mzunguko. La pili ni kupisha: mguu wake unapopanda, unaondoa wako, anafagia hewa, unamgeuza kwa uzito wake mwenyewe. La tatu, lililoruhusiwa kikamilifu enzi za Kovács, ni kushuka na kumkamata paja kwa mkono mmoja kutoka mbele au nyuma, kumnyanyua na kumpindua. Wajapani wanaiita te-guruma. Hatari ya hili la tatu iko kwenye kichwa. Kichwa kikiwa nje, mbali na mbavu za mshambuliaji, unanyanyua kwa mgongo uliopinda, na kilo 100 zinakurudia juu ya shingo. Kichwa kikiwa kimebanwa kwenye mbavu zake na nyonga yako iko chini ya nyonga yake, unanyanyua kwa miguu. Tofauti ni sentimita kumi hivi, na ndiyo inayoamua nani anaanguka chali.

Mwaka 2010 sheria ilianza kuzuia kushika miguu, na kuanzia 2013 ikafungwa kabisa. Kijana anayetazama leo pambano la mwaka 1993 anaweza kushangaa mbona hawa wamekaa umbali hivi, mbona wanainama. Waliinama kwa sababu miguu yao ilikuwa halali kushikwa.

Athens 2004 ilikuwa Olimpiki yake ya nne. Alikuwa na miaka 32. Mwaka uliotangulia kanuni ya alama ya dhahabu ilikuwa imeanza kutumika: sare ikitokea, mnaongezewa dakika tano nyingine na wa kwanza kupata alama yoyote ameshinda, zikiisha bado sare, ndipo bendera. Kwa mtu wa 32 dakika hizo tano za ziada si zawadi. Pambano la dakika tano lenyewe, ukijumlisha kusimamishwa na kufunga mkanda, huchukua dakika saba au nane. Ongeza tano, pumzika dakika kumi ambazo kanuni inakupa, ingia tena. Siku hiyo, tarehe 19 Agosti, hata Inoue aliyekuwa bingwa wa dunia mara tatu alipigwa na Elco van der Geest wa Uholanzi, akarudi kwa repeshaji akapigwa tena na Movlud Miraliyev wa Azabajani. Dhahabu ilikwenda Belarusi kwa Ihar Makarau, fedha kwa Jang Sung-ho wa Korea Kusini, shaba kwa Michael Jurack wa Ujerumani na Ariel Ze'evi wa Israeli. Kovács hakuwa miongoni mwao.

Olimpiki nne ni kuanzia umri wa miaka 20 hadi 32, na kwa muda wote huo nafasi ya Hungaria katika uzito huo ilikuwa moja. Hakuna aliyemtoa. Timu ile haikumpeleka kwa heshima ya medali ya zamani. Kwa nchi za Ulaya tiketi zilitafutwa kwa pointi za mashindano ya bara, na bara hilo ndilo lenye ushindani mkubwa kuliko yote katika uzito wa kilo 95 na 100. Baada ya kustaafu alirudi palepale Paks, akawa mkurugenzi wa mawasiliano wa kile kituo cha nyuklia.

Waliomfuata walikuja kwa mafungu. Ákos Braun alikuwa bingwa wa dunia wa kilo 73 mwaka 2005 Cairo. London 2012 Éva Csernoviczki alimshinda Mjapani Tomoko Fukumi kwa shaba ya kilo 48, medali ya kwanza ya Olimpiki kwa mwanamke wa Hungaria katika judo, na Miklós Ungvári akapata fedha ya kilo 66 baada ya kupoteza fainali kwa Lasha Shavdatuashvili wa Georgia. Krisztián Tóth alileta shaba ya kilo 90 kutoka Tokyo.

Ukipata kanda za Kovács za 1992 au 1993 na ukajaribu kuzifuata, ubao utakusumbua na picha haiko wazi, kwa hiyo mtazame refa. Mkono ulionyooka juu kabisa ni ippon. Mkono wa pembeni usawa wa bega, kiganja chini, ni waza-ari. Mkono wa pembeni ulioshuka nusu njia, kama nyuzi 45, ni yuko. Kiwiko kilichokunjwa karibu na kiuno, kidole gumba kikielekea begani, hiyo ni koka, ambayo iliondolewa kabisa mwisho wa mwaka 2008. Baada ya hapo acha miguu, angalia mkono unaoshika mkono wa koti la mpinzani katika sekunde 20 za kwanza. Atakayeupata huo na kubaki nao ndiye mara nyingi utakayemwona akifagia dakika ya tatu.